Mwanafunzi wa Muziki Ajifunze Kazi Wapi? Maswali ya Wasomaji na Majibu Yake

Barua tulizozichagua safari hii zinahusu jambo moja: namna ya kumfikisha mwanafunzi wa muziki wa chuo kikuu kwenye kazi yenyewe kabla hajavaa joho. Tumezifupisha kidogo, na majina ya waandishi tumeyahifadhi.

SWALI: Ndugu Mshauri, mimi ni mkuu wa idara ya muziki katika chuo kikuu. Wahitimu wetu wanapiga ala vizuri, wanasoma nota bila shida, na tasnifu zao husifiwa na watahini wa nje. Lakini waajiri wanatuletea lawama ile ile kila mwaka, kwamba mhitimu hajui kuandaa orodha ya vifaa vya jukwaani, hajawahi kuuona mkataba, na akipewa tarehe ya kukabidhi kazi huichukulia kama pendekezo tu. Tunawapeleka wanafunzi kwenye mafunzo kwa vitendo ya wiki nane, nao wanarudi na daftari zilizojaa mihuri na machache sana kichwani. Je, tuongeze muda wa mafunzo hayo, au tatizo liko kwingine?

JIBU: Mheshimiwa mkuu wa idara, wiki nane zinatosha kumfunza mtu jambo, na miezi minane yaweza kupita bure. Ninavyoona, kinachokosekana katika mpango wenu ni mtu anayeisubiri kazi ya mwanafunzi. Darasani, zoezi likichelewa, anayeumia ni aliyelichelewesha, naye huumia kwa alama chache tu. Kazini, wimbo ukichelewa, msambazaji amekwisha panga tarehe ya kuutoa, mpiga picha za video amesimama, na mwimbaji amekwisha waahidi mashabiki wake. Uzembe wa mmoja unawakwamisha watu ambao hata hawamfahamu. Mwanafunzi aliyewekwa kwenye kiti cha nyuma awatazame wengine wakifanya kazi hajaingia katika mnyororo huo hata akikaa mwaka mzima, na muhuri uliogongwa kwenye daftari lake unathibitisha mahudhurio tu.

Tuseme wanafunzi wa filamu wa chuo hicho hicho wanahitaji muziki wa filamu fupi ya dakika kumi. Mwanafunzi wenu wa utunzi anapewa picha zilizokwisha hakikiwa, tarehe ya kukabidhi, na mwongozaji mwenye maoni makali. Anatunga, anarekodi, anatuma. Kesho yake anapigiwa simu: sauti ameirekodi kwa kilohezi 44.1, ambacho ni kipimo cha CD, ilhali kazi za video huandaliwa kwa kilohezi 48. Faili lake ameliita "mwisho kabisa 3" na hakuna ajuaye linaingia sekunde ya ngapi. Na katika onyesho ambalo watu wawili wananong'onezana, tarumbeta yake imeyafunika maneno yote. Hakuna hata moja kati ya makosa hayo linalohitaji muhadhara wa saa mbili, lakini pia hakuna mhadhiri awezaye kuyafundisha kwa nguvu aliyo nayo mwongozaji aliyekasirika. Usiku huo huo mwanafunzi ataiondoa tarumbeta, na safari nyingine atauliza kipimo cha sauti kabla hajaigusa maikrofoni.

Fikra ya kuliunganisha darasa na kazi ya sauti ina umri mkubwa kuliko wengi wetu. Mwaka 1946 mtunzi Arnold Schoenberg alimwandikia mkuu wa Chuo Kikuu cha Chicago akipendekeza yawepo mafunzo ya wataalamu wa sauti watakaoujua muziki, akustika, fizikia na mitambo kwa pamoja. Mwaka 1949, mjini Detmold nchini Ujerumani, Erich Thienhaus alianzisha mafunzo ya namna hiyo, yajulikanayo kwa jina la Tonmeister, na mwaka 1970 Chuo Kikuu cha Surrey nchini Uingereza kikaanzisha shahada yake chini ya jina hilo hilo. Cha kuigwa pale Surrey ni mpangilio: mwanafunzi huenda kufanya kazi katika studio au kampuni ya sauti kwa mwaka mzima katikati ya masomo, kisha hurudi chuoni kumalizia mwaka wa mwisho. Anaporudi, ana maswali yake mwenyewe; somo la akustika alilolisinzilia mwaka wa pili sasa analidai, kwa sababu ameshahangaika na chumba kilichokuwa kikivuma kwa sauti nzito asijue afanye nini. Mipango mingi huiweka kazi mwishoni kabisa, mitihani ikishapita, wakati ambapo hakuna tena darasa la kuyapokea maswali hayo. Kama mnaweza kubadili jambo moja tu mwaka huu, hamisheni wiki zenu nane kutoka mwisho wa shahada hadi katikati yake.

Tena, kabla ya kubisha hodi kwenye makampuni, angalieni kilichomo ndani ya chuo. Mahafali yanahitaji muziki na vipaza sauti. Idara ya maigizo ina tamthilia. Wageni wanakuja kutoa mihadhara ya wazi. Pengine kuna redio ya chuo. Kila moja kati ya shughuli hizo ina mtu anayeisubiri, na mara nyingi hufanywa na mkandarasi wa nje huku wanafunzi wa muziki wakiwa watazamaji. Wapeni shughuli moja kwa barua rasmi yenye tarehe, bajeti na jina la mtu atakayewajibika. Mmoja awe meneja wa jukwaa, mwingine achore ramani ya jukwaa na kuandaa orodha ya njia za sauti, akitaja njia ya kwanza inaingia ngoma ya besi, ya pili ngoma gani, hadi maikrofoni ya msemaji wa mwisho, na mwingine aandike makubaliano ya kuazima vifaa na kuyatia sahihi. Mtaona haraka ni nani aliyesahau kuomba maikrofoni ya mwimbaji wa pili.

Vyuo vingine vimekwenda mbali zaidi. Nchini Marekani, Chuo Kikuu cha Drexel kimekuwa na lebo ya Mad Dragon Records na Chuo cha Berklee kikawa na Heavy Rotation Records, zote zikiendeshwa na wanafunzi wenyewe, wanaotafuta wasanii, wanaosimamia rekodi na wanaozitangaza. Naipenda njia hiyo kwa sharti moja: walau baadhi ya wasanii watoke nje ya darasa. Lebo ambayo msanii, meneja na mtangazaji wake wote wanasaka alama za somo moja hugeuka maigizo kabla muhula haujaisha, kwa kuwa wote wanajua kwamba hata albamu isipotoka hakuna atakayeiulizia.

Kuhusu daftari, ningelifuta. Mwanafunzi alete kazi aliyoikabidhi, alete mawasiliano yake na aliyempa kazi hiyo, kisha akae mbele ya wahadhiri wawili kwa nusu saa aeleze alibadilisha nini baada ya kukataliwa. Mwenyeji wake aihukumu kazi. Ninyi mhukumu alichojifunza, maana hayo ni mambo mawili tofauti na mwenyeji hana muda wa kuyatenganisha. Wahadhiri nao wapelekwe kazini walau mara moja kila baada ya miaka michache. Najua sentensi hiyo haitanipatia marafiki katika vyumba vya walimu, lakini anayefundisha biashara ya muziki kwa mifano ya enzi za kaseti hawezi kumuuliza mwanafunzi wake swali la maana kuhusu mirabaha ya mtandaoni.

SWALI: Mshauri, shikamoo. Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa tatu na nimepata nafasi ya kujifunza katika studio ya kurekodia. Huu ni mwezi wa pili, na kazi yangu ni kufagia, kukunja kebo, kuwapokea wageni na kununua chochote ninachoagizwa. Sijawahi kuigusa meza ya kuchanganyia sauti. Wenzangu wananiambia niache. Nifanye nini?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Usiache bado, lakini usikae hivyo hivyo mwezi wa tatu. Hiyo kebo unayoidharau, tuanze nayo. Kuna namna yake ya kukunjwa, mzunguko mmoja ukienda kawaida na unaofuata ukigeuzwa kwa ndani, ili nyaya zisijisokote na ili fundi akiirusha jukwaani ifunguke bila fundo. Fundi sauti akikuona unazikunja kwa kiwiko kama kamba ya kuanikia nguo, amekwisha jua kiasi cha kukuamini, na hatakuambia.

Studio ni mahali pa watu kuaminiana kuliko pa mitambo. Mwimbaji anaingia akiwa na hofu. Amekosea mstari ule ule mara kadhaa. Fundi anaongea naye kwa upole na kumwambia apumzike kidogo, ingawa muda unakwenda na pesa ni za mteja. Aliyekaa kimya pembeni na kuuona mwenendo huo amejifunza jambo ambalo halimo katika kitabu chochote cha sauti. Kwa hiyo kila jioni andika maswali mawili kuhusu ulichokiona: kwa nini maikrofoni ilisogezwa mbali na kinywa, kwa nini ngoma zilirekodiwa kwanza. Subiri mteja aondoke ndipo uulize. Swali linaloulizwa mbele ya mteja humfanya fundi aonekane anajaribu, na hilo halisameheki kwa urahisi.

Baada ya hapo omba kazi moja yenye mwisho unaoonekana. Usiseme "naomba kujifunza kuchanganya sauti," kwani hiyo ni kazi ya miaka. Sema: "Naomba niwe nahifadhi nakala za kila rekodi mwisho wa siku." Kisha ifanye kama ifanywavyo na watu makini: nakala tatu, kwenye vyombo vya aina mbili, na moja ihifadhiwe nje ya jengo. Au omba kuandaa chumba kabla ya wanamuziki kufika, yaani kuchomeka maikrofoni, kuandika majina ya njia, na kuhakikisha spika zimezimwa kabla ya kuwasha umeme wa volti 48 unaoendesha maikrofoni za kondensa. Anayeuwasha huku spika ziko wazi huwashtua wote chumbani, na spika zenyewe zinaweza kuharibika. Studio nzima itakuwa inakusubiri wewe kila asubuhi. Ukikataliwa hata kazi ndogo kama hizo baada ya kuziomba kwa adabu, mweleze msimamizi wako wa chuo kwa maandishi na uombe uhamisho, kwa sababu hapo umekuwa mfagizi asiye na mshahara.

Linda na masikio yako. NIOSH, taasisi ya Marekani ya usalama kazini, inapendekeza mtu asikae kwenye sauti ya desibeli 85 kwa zaidi ya saa nane kwa siku, na kila zinapoongezeka desibeli tatu muda huo hupungua kwa nusu, hivi kwamba kwenye desibeli 100 unabaki na dakika 15 tu. Vijana wengi hukaa mbele ya spika kubwa usiku kucha kwa kuwa hakuna aliyewaambia wavae vizibo vya masikio. Sikio likishaharibika kwa kelele halirudi.

SWALI: Katika somo letu tulirekodi wimbo kwa vifaa vya chuo. Mimi niliandika maneno, mwenzangu alitunga melodi, wengine watatu walipiga ala, na mwanafunzi wa sauti akarekodi. Sasa kampuni moja ya matangazo inautaka. Mhadhiri anasema wimbo ni wa chuo kwa kuwa studio ni ya chuo. Ni kweli?

JIBU: Kumiliki chumba na mashine hakumfanyi mtu kuwa mtunzi. Hapa kuna mali mbili ambazo watu huzichanganya. Ya kwanza ni utunzi, yaani maneno na melodi, na kwa kawaida ni wa waliotunga, ambao hapa ni wewe na mwenzako. Msingi wa ulinzi huo kati ya nchi na nchi ni Mkataba wa Berne wa mwaka 1886. Ya pili ni rekodi yenyewe, sauti iliyonaswa siku ile, nayo ina haki zake zilizo tofauti. Mkataba wa Roma wa mwaka 1961 unawatambua waliopiga na kuimba, pamoja na mtayarishaji wa rekodi. Ni katika rekodi, wala si katika utunzi, ndipo chuo kinaweza kuwa na hoja, hasa kama ndicho kilichogharamia na kusimamia kazi.

Hata hivyo, mhadhiri wako huenda anaitegemea karatasi ambayo mliitia sahihi siku ya kujiandikisha. Vyuo vingi vina sera ya mali ya ubunifu, na baadhi hudai sehemu ya kazi zilizotengenezwa kwa rasilimali za chuo. Ombeni mwonyeshwe sera hiyo na kifungu chenyewe; neno la mdomo la mhadhiri halitoshi, na wala ubishi wenu hautoshi. Sheria za nchi nazo hutofautiana, hivyo kabla ya kusaini chochote na kampuni ya matangazo mtafuteni mwanasheria wa hakimiliki au chama cha hakimiliki cha nchi yenu.

Wakati mkisubiri, kaeni nyote na mwandike hati ya mgawanyo: jina kamili la kila mtu, alichofanya, asilimia yake ya utunzi, asilimia yake ya rekodi kama ipo, tarehe na sahihi. Iandikeni kabla kampuni haijataja kiasi cha fedha, maana pesa ikishatajwa kila mpiga ala hukumbuka kwamba ile melodi aliichangia yeye. Rekodi nayo ipatiwe namba yake ya utambulisho, ISRC, yenye herufi na tarakimu 12, ambayo huwezesha matumizi ya rekodi hiyo kufuatiliwa. Utunzi una namba yake nyingine, ISWC, inayopatikana kwa kuusajili wimbo kwenye chama cha watunzi. Kama mhadhiri wenu angewapa zoezi hili katika wiki ya kwanza ya muhula, na likawa na alama, hii barua isingeandikwa.

SWALI: Nina kampuni ndogo ya kuandaa matamasha. Vyuo vinaniomba nipokee wanafunzi, nami siku za nyuma niliwapokea wanne kwa mkupuo; walikaa wakichezea simu, na mmoja alirusha mtandaoni kipande cha mazoezi ya msanii ambacho hakikupaswa kutoka. Nina faida gani ya kuendelea?

JIBU: Ndugu, wanne kwa mkupuo ni wengi mno kwa kampuni ndogo, hata wangekuwa hodari, wangeishia kuongea wao kwa wao. Pokea mmoja, mkabidhi kwa mtu mmoja anayetaka kufundisha, na mpe sehemu ya tamasha iliyo yake kabisa, kama vile ratiba ya majaribio ya sauti au kuwapokea wanamuziki kuanzia langoni hadi jukwaani. Siku ya kwanza asaini karatasi fupi inayosema kwamba kinachoonekana na kusikika nyuma ya jukwaa hakipigwi picha wala kurekodiwa. Yule aliyerusha mazoezi ya msanii huenda hakuwahi kuambiwa.

Kuhusu malipo, ambayo hukuyauliza lakini yatakufikia: mwaka 2015 mahakama ya rufaa ya shirikisho ya Marekani iliyoko New York, katika kesi iliyofunguliwa na wanagenzi dhidi ya kampuni ya filamu ya Fox Searchlight, ilielekeza kwamba liangaliwe swali la nani ananufaika zaidi, mwanafunzi au kampuni, na kwamba miongoni mwa mambo ya kupimwa ni kama kazi hiyo inaungana na masomo yake na kama inachukua nafasi ya mfanyakazi wa kulipwa. Sheria ya nchi yako inaweza kuwa tofauti, lakini kipimo hicho kinafaa hata pasipo mahakama. Akikufuata na kuuliza, unamfundisha. Akibeba spika hadi saa nane za usiku ili usiajiri kibarua, mlipe kama kibarua.

SWALI: Ninasoma fidla na lengo langu ni okestra. Haya ya studio na lebo yananihusu kweli?

JIBU: Yanakuhusu kwa njia yake. Okestra nazo zina watu wanaosubiri, tena wamekaa kushoto na kulia kwako. Chuo cha mafunzo cha okestra ya Berlin Philharmonic, kilichoanzishwa na Herbert von Karajan mwaka 1972, huwaketisha vijana pamoja na wanamuziki wa okestra hiyo katika matamasha halisi huku wakifundishwa na wanamuziki hao hao, na okestra nyingine kubwa zina mipango inayofanana na huo. Anza kuyafuatilia majaribio ya kujiunga ukiwa bado mwaka wa pili. Mengi hufanyika mwombaji akiwa nyuma ya pazia ili wasikilizaji wasimjue, na ajira huamuliwa kwa vipande vifupi vya kazi mashuhuri ambavyo orodha yake hutangazwa mapema. Muulize mwalimu wako akusikilize ukipiga vipande hivyo kwa mfuatano, bila kukukatiza na bila kukuruhusu kurudia.

Kisha tafuta kikao kimoja cha kurekodi, hata cha wanafunzi wenzako wa utunzi, ambapo utaiona nota kwa mara ya kwanza siku hiyo hiyo na metronomu itakuwa ikigonga sikioni. Fika ukiwa na penseli, nyuzi za akiba, na spika ya masikioni isiyovujisha mlio kwenye maikrofoni, na ukishamaliza kupiga noti ya mwisho usiishushe fidla hadi fundi aseme amekata.